Kitenge au changarawe ya volkano?

Kwa kazi ya sanaa ya darasa letu hapa Goma, wanafunzi wanachagua kati ya vipande vya kitenge na changarawe nyeusi ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu. Vipande tunaviokota kwa mafundi cherehani, na uji mzito wa unga wa muhogo unavishika vizuri kwenye katoni. Pembe tu hunyanyuka usipozigandamiza kwa kitabu kizito.

Changarawe ina kazi: uioshe, uianike, uichekeche, kisha uibandike kwa gundi ya mbao juu ya ubao, maana katoni hupinda. Hata hivyo naipenda zaidi. Ukipitisha mstari wa rangi nyekundu katikati yake, mtoto anauona ule moto wa Januari 2002 ulioteremka hadi katikati ya mji wake. Kitenge, kwa uzuri wake wote, hakimpi hilo.