Mtambo wa mezani wa kukeneka maji, lita 4: kwa maji ya chumvi usisubiri ujizime

Kukeneka ni kuchemsha maji na kukusanya mvuke wake ukishapoa kuwa maji tena. Mtambo huu ni tangi la chuma cha pua lenye hita ya wati 750, kifuniko chenye koili na feni ya kupoza mvuke, na jagi la kupokelea. Kwa maji ya chumvi mtambo unafanya kazi ambayo chujio la mkaa au la kitambaa haliwezi. Chumvi ikishayeyuka huachana kuwa ayoni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloridi, na hizo hupenya pamoja na maji. Mvuke hupanda bila kuzibeba.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Mtambo ukitumiwa vizuri, yanayotoka husoma chini ya 10 kwenye kipima TDS, yaani kifaa kinachoonyesha miligramu za vitu vilivyoyeyuka kwa lita. Yakisoma mamia, mara nyingi tangi lilijazwa kupita alama: maji yanapotokota, vitone vya maji ya chumvi hurukia kwenye koili na kushuka na maji safi. Jaza vidole viwili chini ya alama, na umwage nusu kikombe cha kwanza.

Kosa kubwa liko kwenye maelekezo ya kiwanda, yanayotaka mtambo uachwe hadi ujizime wenyewe. Piga hesabu: lita 4 za maji ya bahari zina gramu 140 za chumvi, na lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 hivi. Yakibaki mililita 400, chumvi huanza kuganda chini. Kutegemea joto hakusaidii, kwani hata maji yanayochemka huyeyusha gramu 390 tu. Tabaka hilo huzuia joto lisifike kwenye maji, sakafu ya tangi huungua, na swichi ya joto hukata umeme kabla ya wakati.

Zima ikibaki lita 1. Kupata lita 3 safi huchukua kama saa tatu na nusu, na hula umeme uniti 2.6 hivi, hilo si dogo. Acha yapoe hadi yawe vuguvugu, mwaga, suuza papo hapo.

Hata hivyo utakuta utando mweupe, kwa sababu chokaa na jasi hutangulia kuganda kabla ya chumvi ya kawaida. Chokaa huondoka kwa vijiko viwili vya unga wa asidi ya sitriki kwenye lita ya maji ya moto, kwa nusu saa. Jasi haijali asidi: isugue kwa brashi ya nailoni ikiwa bado mbichi, na kamwe usitumie stili waya.

Nyota tatu kati ya tano kwa maji ya bahari; nne kwa maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Kinachopunguza alama ni tangi. Ni chuma cha daraja la 304, ambacho kloridi ya moto hukichimba vishimo vidogo vidogo, hasa pembezoni mwa sakafu na kwenye maungio. Kama utakeneka maji ya bahari kila siku, tafuta lenye daraja la 316. Molibdeni, metali iliyochanganywa ndani yake, hulifanya listahimili chumvi kwa muda mrefu zaidi.