Mtwara na Lindi: upi uko tayari zaidi kwa uchumi wa teknolojia?
Kwa miundombinu, Mtwara iko mbele: gesi ya Mnazi Bay husafishwa Madimba, na bandari yake ina kina cha asili. Lindi, yenye eneo la Likong'o panapopangwa kujengwa mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika, bado inaishi kwa matarajio.

Hata hivyo, gesi haimfundishi mtu kuandika programu, na hapo Mtwara yenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris inazidi tena. Wanapolingana ni kwenye korosho, ambazo sasa hunadiwa kwa mfumo wa kielektroniki, huku mkulima akiendelea kushika stakabadhi ya karatasi kutoka ghala la chama cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS). Kijana mwenye kampuni changa ya programu ningemshauri aanzie Mtwara.