Msaada wa halmashauri wakati wa kipindupindu: uzoefu wangu

Kiukweli nilivyosikia halmashauri inaleta msaada wa kipindupindu mtaani nikajua ni yale yale, gari la matangazo litapita na spika, nawa mikono, chemsha maji, basi. Safari hii haikuwa hivyo. Kuna vitu vilifanyika vizuri sana na kuna vingine viliniuma, naandika vyote.

Kilichotuokoa ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Walipita nyumba kwa nyumba na vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha), na hawakuwa watu wa kugawa na kusepa. Dada aliyekuja kwetu alimwambia mama mkwe wangu, mama naomba tuone ndoo ya maji, akakuta yana tope, akasema hapa kidonge hakitafanya kazi vizuri, tuyachuje kwanza, tukakunja kitambaa safi tukachuja ndo akatia kidonge akafunika, akasema hamna kunywa mpaka nusu saa ipite. Mama mkwe akauliza, mwanangu mimi saa siioni vizuri, hiyo nusu saa nitaijuaje? Akamjibu taratibu kabisa, mama ukitia kidonge asubuhi kunywa mchana, ukitia mchana kunywa jioni. Sasa kipeperushi gani kingemjibu hivyo jamani?

Na ORS pia. Mtaani watu walikuwa wanakoroga pakiti nusu kwenye glasi ili isiishe haraka, kumbe zile tulizopewa pakiti nzima ni ya lita moja ya maji safi na saa 24 zikipita yaliyobaki unamwaga. Akasisitiza tena na tena kwamba hiyo ni ya kumnywesha mgonjwa huku mnampeleka kituoni, sio ya kukaa nayo nyumbani mkisubiri apone, kwa sababu kipindupindu kikali kinaweza kuua ndani ya masaa machache, ila mgonjwa akiwahishwa matibabu mazuri wanaokufa hawafiki hata mmoja kwa kila mia.

Namba ya bure ya dharura ilipokelewa usiku, jirani yetu akafuatwa akapelekwa kambi ya matibabu, hakudaiwa kitu. Wamejitahidi.

Boza la maji sasa, hapo ndo pagumu. Linakuja muda linaotaka, aliyeko kazini kalikosa, mzee asiyeweza kubeba ndoo kalikosa, na waliobaki wanasukumana kwenye foleni wakati tunaambiwa tusibanane. Tulilalamika mpaka wakabandika ratiba ofisi ya mtaa na vijana wa kujitolea wakaanza kuwapelekea wazee, na ugomvi ukaisha hapo hapo. Yaani karatasi moja ukutani! Ingebandikwa tangu mwanzo.

Kilichoniudhi zaidi ni chanjo. Ile ya kunywa, watu wanakumbuka zamani ilikuwa dozi mbili, wakapewa moja wakaambiwa tumemaliza, hakuna aliyeeleza kwanini. Maneno yakaanza, mara tunajaribiwa, mara dozi ya pili imeuzwa, na kuna akina mama waliwarudisha watoto nyumbani kabisa. Wakati jibu lipo na halina aibu: tangu Oktoba 2022 kwenye milipuko inatolewa dozi moja kwa sababu chanjo ni chache duniani, bora wengi wapate moja kuliko wachache wapate mbili, kinga inakuwepo ila ya muda mfupi zaidi. Hayo ni maneno ya dakika mbili kwenye ile spika ya gari, na wangewapa wale wale wahudumu waje nayo mlangoni watu wangeelewa, maana hao tayari tunawaamini.

Kama mlipuko umefika kwenu sasa hivi, nendeni ofisini mkaulize ratiba ya boza na namba ya usafiri wa wagonjwa wa usiku leo, kabla mtu hajaanza kuharisha.