Toleo lipi la The Dark Side of the Moon linafaa kununuliwa kwa santuri?

Anayetaka kununua The Dark Side of the Moon, albamu ya bendi ya Pink Floyd, kwa santuri hukuta jina lile lile na jalada lile lile jeusi lenye pembetatu na mwale wa rangi, lakini sahani iliyomo ndani huweza kutofautiana sana na nyingine kwa sauti. Albamu hiyo ilitoka Machi 1973, baada ya kurekodiwa katika studio za Abbey Road jijini London, fundi wa sauti akiwa Alan Parsons, na tangu hapo imechapishwa upya mara nyingi mno. Hapa ninayapanga matoleo matano ambayo mnunuzi hukutana nayo, nikitazama kwanza yanavyosikika, kisha iwapo yanapatikana kwa fedha ya kawaida.

Tuanze na jambo linalowapotosha wengi, nalo ni uzito. Kibandiko cha gramu 180 huonyesha kwamba sahani ni nene na huenda isijipinde upesi, lakini hakisemi lolote kuhusu sauti, kwa sababu sindano husafiri ndani ya mifuo, wala haifiki kwenye unene wa plastiki iliyo chini yake. Kinachoamua sauti ni kanda iliyotumika kuandaa toleo, fundi aliyechonga sahani ya mwanzo, na umakini wa kiwanda kilichochapisha. Jina la fundi mara nyingi liko kwenye santuri yenyewe. Iinamishe chini ya taa na utazame ule ukingo laini ulio kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Utaona namba na herufi zilizokwaruzwa kwa mkono. Herufi RL kwenye chapa za kwanza za albamu ya Led Zeppelin II ya 1969, kwa mfano, ni alama ya fundi Robert Ludwig, na kwa ajili ya herufi hizo mbili watu hulipa fedha nyingi kwa santuri ya mtumba.

Albamu hii ina sehemu mbili zinazofichua udhaifu wa toleo lolote. Ya kwanza ni mwanzo wenyewe, ambapo mapigo ya moyo huingia polepole kutoka katika ukimya, hivyo kila chembe ya vumbi na kila kasoro ya kiwanda husikika waziwazi. Ya pili ni mwisho wa kila upande. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika haipunguzi mzunguko wake, lakini mduara hupungua kadiri sindano inavyokaribia lebo: ukingoni sindano hupita takriban sentimita 50 za mfuo kwa sekunde, na karibu na lebo hupita takriban 21 tu, kwa hiyo sauti ile ile hubanwa katika nafasi isiyofika nusu. Kwa bahati mbaya, hapo ndipo ilipo sauti ya mwimbaji Clare Torry katika wimbo wa The Great Gig in the Sky, inayopanda hadi kuwa kilio na kufunga upande wa kwanza. Upande wa pili una shida kubwa zaidi, kwa kuwa unakaribia dakika 24 na unafungwa na Eclipse, wimbo ambao vyombo vyote na sauti zote hupanda kwa pamoja. Fundi asiye makini huacha sehemu hizo zikikwaruza, na hakuna kinanda cha kuchezea santuri, hata cha bei kubwa, kitakachoziponya.

Nafasi ya kwanza naipa toleo la 2016, lililoandaliwa kutoka kanda za analojia, yaani kanda za sumaku ambazo sauti yake haijageuzwa kuwa namba za kompyuta, na mafundi James Guthrie, Joel Plante na Bernie Grundman. Sauti ya Torry hubaki nzima hadi mwisho, gitaa la besi la Roger Waters katika Money linasikika nota kwa nota, na saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa Time zinashtua bila kuumiza masikio. Halijawa adimu, na hilo lina uzito wake katika mwongozo wa kununua.

Toleo la 2003, la maadhimisho ya miaka 30, lingeweza kulishinda. Lilichongwa na Doug Sax na Kevin Gray katika studio ya AcousTech, California, na masikioni mwangu lina besi iliyoshiba zaidi na nafasi pana zaidi kati ya chombo na chombo. Naliweka la pili kwa sababu leo hupatikana kwa mtumba tu, na bei yake hupanda hata pale hali ya sahani hairuhusu. Niliwahi kuuziwa nakala iliyoelezwa kuwa ni kama mpya, nikaiweka kwenye kinanda, na mapigo ya moyo yakaja yamezungukwa na mlio kama wa vitunguu vinavyokaangwa. Anayeweza kuisikiliza kabla ya kulipa asisite kuinunua. Asiyeweza, abaki na ya 2016.

Toleo la miaka 50, lililotoka 2023, ni kazi nyingine ya Guthrie na linashika nafasi ya tatu kwa tofauti ndogo. Ni safi na halina kelele, ila sauti za juu zimesogezwa mbele kidogo kuliko ninavyopenda. Mwenye spika zenye sauti nzito huenda akalipenda kuliko yote.

La nne ni lile la 1979 la Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayotoa matoleo maalumu ya albamu maarufu, ambalo wakusanyaji huliheshimu mno. Stan Ricker alilichonga kwa nusu ya kasi, yaani kanda na mashine ya kuchonga zote zilizungushwa polepole ili kichwa cha kuchongea kizimudu sauti za juu kwa urahisi, na matokeo yake ni saa na matoazi yanayong’aa kweli. Besi, hata hivyo, imekonda. Kwa bei inayodaiwa siku hizi, mnunuzi hulipia sifa zaidi ya muziki.

Mwisho kabisa naliweka toleo la sahani mbili angavu zilizochapishwa picha, ambalo kila sahani ina upande mmoja tu wa kuchezwa. Ni pambo zuri la ukutani.

Wapo watakaouliza kwa nini sikutumia neno dijitali kama kigezo cha kukataa. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity ilikuwa imepitisha kazi zake nyingi katika hatua ya kidijitali kwa miaka kadhaa, ilhali wateja waliamini ni analojia tupu, na suala hilo likafika mahakamani. Wateja walikuwa na haki ya kuambiwa ukweli. Lakini wengi wa waliokasirika ndio waliokuwa wakizisifu santuri hizo hizo kwa miaka, bila masikio yao kugundua lolote. Kwa upande mwingine, santuri za mono (zenye mkondo mmoja wa sauti) za bendi ya Beatles za 2014, zilizochongwa kutoka kanda za analojia, zinapendeza kuliko zile za stereo (zenye mikondo miwili) za 2012 zilizotoka kwenye faili za kidijitali, ingawa sidhani kanda peke yake ndiyo sababu.

Kwa anayeagiza kutoka Ulaya au Marekani hadi Dar es Salaam au Mombasa, joto la safarini ni hatari kubwa kuliko makosa ya fundi. Mwombe muuzaji aitoe sahani ndani ya jalada na kuipakia nyuma yake, ili isipasue kingo ikitikiswa. Ikifika, iache ipoe ndani ya kifurushi, kisha iweke kwenye kinanda na uitazame kwa ubavu inavyozunguka: mkono wenye sindano ukipanda na kushuka kidogo si neno, lakini ukiyumba kushoto na kulia, tundu la katikati limetobolewa kando, na nota ndefu za piano zitayumba pia. Sikiliza mapigo ya moyo, ruka hadi kwa Torry, geuza, sikiliza Eclipse. Fanya hivyo siku ile ile, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita.