Uchambuzi: Kuzipata Tamthilia za Zamani Kwenye Chaneli za Marudio za Marekani

Karibuni tena, watazamaji wetu. Leo tunachambua chaneli za marudio za Marekani, zile zinazoonyesha tamthilia za miaka ya 1950 hadi 1980 usiku na mchana: MeTV, Heroes & Icons, Cozi TV, INSP na FETV. Umelipia kebo na unaitaka Perry Mason, ile ya wakili mahakamani, au Gunsmoke, ile ya farasi na bunduki. Utaipata wapi? Na utakayoipata ni kipindi kizima, au kimepunguzwa njiani?

Tuanze na aina za chaneli, maana hapa ndipo watu wanapotea. INSP na FETV ni chaneli za kebo na dishi. Antena ya juu ya paa haizipati, unazipata tu kama zimo kwenye kifurushi chako. MeTV, Heroes & Icons na Cozi TV ziko tofauti. Hizi kwa sehemu kubwa husafiri kama chaneli ndogo ndani ya mawimbi ya kituo cha mtaani. Tangu vituo vikubwa vya Marekani vizime analojia tarehe 12 Juni 2009, masafa ya kituo kimoja, yenye upana wa megahezi 6, hubeba takriban megabiti 19.39 kwa sekunde. Chaneli kuu ya HD huchukua fungu kubwa, na kinachobaki hugawiwa chaneli ndogo. Ndiyo maana unaona 5.1, kisha 5.2, 5.3 na kuendelea. MeTV ilianza kuenea nchi nzima kwa njia hiyo mwishoni mwa 2010, na Heroes & Icons ikafuata 2014. Zote mbili ni za kampuni ya Weigel ya Chicago.

Sasa mbona ndugu yako wa mji wa pili anaiona MeTV kwenye kebo na wewe huioni, na kampuni ni ileile? Sababu ni ya kisheria. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliamua mwaka 2001 na ikarudia 2005 kwamba kampuni ya kebo inalazimika kubeba chaneli kuu tu ya kituo cha mtaani. Chaneli ndogo hazina ulinzi huo. Zikibebwa, ni kwa makubaliano kati ya kituo na kampuni ya kebo ya eneo hilo. Kwa hiyo usikubali jibu la jumla la huduma kwa wateja kwamba "ndiyo, tunayo". Uliza: kwa anwani yangu hii, chaneli hii iko namba ngapi na kwenye kifurushi gani? Asipokutajia namba, hajakujibu.

Kabla hujapiga simu, fanya hivi. Fungua tovuti ya chaneli yenyewe, weka msimbo wako wa posta, nayo itakuonyesha kituo kinachoibeba na namba yake. Andika herufi za utambulisho za kituo hicho. Kisha nenda kwenye king'amuzi utafute kwa herufi hizo, wala usitumie jina la chaneli. Kwenye miongozo mingi ya kebo chaneli ndogo huandikwa herufi za kituo zikifuatiwa na DT2 au DT3, na huwekwa mbali kabisa, kwenye namba za mamia ya juu ambako hakuna anayefika kwa kubonyeza rimoti. Watu wengi wanayo MeTV nyumbani na hawajui.

Ikikosekana kabisa, chomeka antena kwenye tundu la antena la televisheni yako na utafute chaneli upya. Jambo moja tu la kuangalia: namba inayoonekana kwenye kioo si lazima iwe masafa halisi. Kituo kinachojiita 5 kinaweza kuwa kinarushwa kwenye namba 25 ya UHF, yaani bendi ya masafa ya juu. Antena fupi bapa za ndani huwa hodari kwa UHF, yaani namba 14 hadi 36, lakini hupwaya kwenye VHF, bendi ya masafa ya chini, na hasa namba 2 hadi 6. Ukikosa kituo kimoja tu huku vingine vikishika vizuri, angalia masafa yake halisi kwanza kabla ya kununua antena nyingine. Na rudia kutafuta kila baada ya miezi michache, kwa sababu chaneli hizi huhama kutoka kituo kimoja kwenda kingine.

Haya, tuje kwenye tamthilia zenyewe. Ushauri wetu mkubwa leo ni huu: kabla ya kuwinda kipindi, jua idadi ya sehemu zake na urefu wake. Ukizijua hizo mbili, ratiba utaisoma kama gazeti.

Chukua Gunsmoke. Mtandao wa televisheni wa CBS uliionyesha kuanzia 1955 hadi 1975, misimu 20, sehemu 635. Lakini sehemu hizo ni za makundi matatu. Misimu 6 ya kwanza ni ya nusu saa, sehemu 233, nyeusi na nyeupe. Mwaka 1961 kikawa kipindi cha saa nzima: sehemu 176 bado ni nyeusi na nyeupe, halafu kuanzia 1966 zinafuata 226 za rangi. Makundi haya yamezoea kuuzwa kwa vituo kila moja peke yake. Ndiyo maana unaweza kuitazama chaneli moja mwaka mzima na usiwahi kuona hata sehemu moja ya nusu saa. Tena zile za nusu saa zilishawahi kurudiwa kwa jina la Marshal Dillon. Ukitafuta kwa neno Gunsmoke peke yake, zikirushwa kwa jina hilo zitakupita. Na kwenye mwongozo wa vipindi, tazama urefu: ukiona dakika 30, hilo ndilo kundi la mwanzo.

The Twilight Zone, tamthilia ya visa vya ajabu, nayo ina mtego wake. Jumla ni sehemu 156, 1959 hadi 1964. Msimu wa 4 una sehemu 18 za saa nzima, nyingine zote ni za nusu saa. Kituo kilichotenga nusu saa kila usiku hakina pa kuziweka hizo 18, kwa hiyo mara nyingi msimu huo hurukwa. Ukiutaka, uwinde kwenye maonyesho ya mfululizo ya siku nzima, ambako ratiba inalegezwa. Kitu kingine: sehemu 6 za msimu wa 2 zilirekodiwa kwa kanda ya video, hazikupigwa kwa filamu. Picha yake ni laini, kama igizo la jukwaani. Usihangaike na mipangilio ya televisheni, ndivyo zilivyotengenezwa.

Perry Mason, 1957 hadi 1966, ina sehemu 271. Chaneli ikionyesha moja kila siku ya kazi, mzunguko mmoja unachukua wiki 54 na ushei. Zote ni nyeusi na nyeupe isipokuwa moja ya msimu wa mwisho, iliyopigwa kwa rangi. Hii ndiyo tamthilia rahisi kuipata kuliko zote, kwani imekuwa nguzo ya MeTV na ya FETV pia. Kila sehemu ina kesi yake, kwa hiyo ukikosa moja hujapoteza uzi.

The Fugitive, ya mtu anayekimbia polisi kwa mauaji ambayo hakuyafanya, ni kinyume chake. Ina sehemu 120, na mkasa mzima unafungwa kwenye sehemu mbili za mwisho, iliyofunga kabisa ikiwa ya tarehe 29 Agosti 1967. Ukiingia katikati ya mzunguko, hesabu sehemu zilizobaki ujue lini mwisho utafika, na hizo mbili ziandalie nafasi mapema.

Sasa suala la kukatwa, na hapa hatutapepesa macho. Tamthilia ya saa moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na takriban dakika 50 za hadithi. Saa ya leo yenye matangazo ya biashara humwachia mtunzi kama dakika 42 hadi 44. Dakika 6 hadi 8 lazima ziende mahali. Ama matukio yanakatwa, ama kipindi kinaongezwa kasi: asilimia 4 tu huokoa karibu dakika 2, na masikio ya wengi hayagundui. Kupima ni rahisi. Rekodi sehemu moja, andika dakika ya kuanza na kumaliza kwa kila kipande kati ya matangazo, jumlisha. Ukipata 43 kwa kipindi ambacho kwenye DVD ni 51, umeshajua. Kwa tamthilia ya upelelezi hili linauma kuliko yote, kwa sababu tukio fupi lililoonekana halina kazi ndilo lililobeba ushahidi. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kuitazama, tafuta nakala kamili. Kwa kurudia unachokijua, marudio ya kebo yanatosha.

Kwenye kurekodi, kosa nambari moja: king'amuzi kimewekwa kirekodi "vipya tu". Hakuna kipindi kipya hapa, kwa hiyo hakitarekodi chochote. Badilisha iwe vipindi vyote, na mahali pa kufuta weka "mpaka nifute mwenyewe", la sivyo kikifika kikomo kitaanza kufuta za mwanzo. Ongeza dakika 1 mbele na 3 nyuma. Kumbuka nyongeza hiyo hupandana na kipindi kinachofuata cha chaneli nyingine, na king'amuzi chenye vipokezi 2 kinaweza kuishiwa nafasi. Kosa la pili ni mwongozo wenye maelezo ya jumla tu, bila jina la sehemu. Hapo king'amuzi hakitambui marudio ya marudio, kitajaza diski kwa sehemu ileile asubuhi na usiku. Dawa yake ni kurekodi kwa saa na siku, usitumie jina.

The Virginian, nyingine ya farasi na bunduki, na Columbo, ya mpelelezi wa polisi mwenye jina hilo, zinahitaji uangalizi zaidi. The Virginian ilitengenezwa kwa nafasi ya dakika 90. Columbo ina sehemu 69, nyingine za dakika 90 pamoja na matangazo na nyingine za saa 2, kwa hiyo ukirekodi kwa muda uliouzoea wiki jana, wiki hii utamkosa Columbo anapomnasa muuaji. Hapo rekodi kwa jina na nyongeza ya dakika 5.

Kuhusu saa za ratiba: matangazo ya chaneli hizi hutaja saa za Mashariki na za Kati kwa pamoja. Kipindi cha saa tatu asubuhi New York ni saa mbili asubuhi Chicago.

Mwisho ni umbo la picha. Tamthilia hizi ni 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3, na televisheni yako ni 16:9, pana zaidi. Michirizi miwili myeusi pembeni ni dalili nzuri. Kama imejaa kioo chote, tazama gurudumu la mkokoteni likiwa limesimama mbele ya kamera: likiwa kama yai, picha imevutwa. Anza na kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti ya televisheni. Halafu ingia mipangilio ya king'amuzi, kwa sababu mara nyingi ndicho kinachovuta. Gurudumu likiwa duara lakini kofia zimekatwa juu, picha imekuzwa, na suluhisho ni hapohapo. Vyote viwili vikiwa sawa na gurudumu bado ni yai, uvutaji unatoka kituoni, na hapo kitu cha kufanya ni kujaribu tamthilia hiyohiyo kwenye chaneli nyingine.

Uamuzi wetu: kwa anayetaka tamthilia za mahakamani na za upelelezi, anzia MeTV, na FETV iwe ya akiba. Kwa tamthilia za Magharibi ya Marekani, za farasi na bunduki, INSP ndiyo ya kulipia. Ila usipandishe kifurushi kwa ajili ya MeTV, Heroes & Icons au Cozi TV kabla ya kujaribu antena, maana huenda zinapita juu ya paa lako bure.