Huduma ya kuchambua karanga kwa mashine ya kamera, Kizota, Dodoma

Kwa sisi tunaosindika siagi ya karanga hapa Dodoma, kuchambua ndiyo kazi inayoamua kama bidhaa itauzika au itarudishwa, na kwa muda mrefu imefanywa na akina mama waliokaa kuzunguka turubai. Sasa kiwanda kimoja cha eneo la Kizota kinatoa huduma hiyo kwa mashine ya kamera. Nimeridhika nayo kwa kiasi kikubwa, isipokuwa katika jambo moja ambalo siwezi kulinyamazia.

Karanga humwagwa juu, hutetemeshwa ili zisambae, kisha huteremka mbele ya kamera zinazozipiga picha pande zote mbili. Punje yenye rangi isiyotakiwa hupigwa na hewa ya kompresa na kuangukia upande wa makapi, yote hayo kufumba na kufumbua. Punje zilizooza, nyeusi na hata vijiwe vilitolewa kwa usahihi ambao macho yaliyochoka alasiri hayaufikii. Hewa hiyo huondoka pia na punje nzuri zilizo jirani, kwa hiyo omba makapi yapitishwe mara ya pili. Wahudumu hawalitaji hilo mpaka uulize.

Ni vyema upeleke karanga zilizokwisha kumenywa. Ngozi nyekundu huficha madoa, na punje zenye kuvu mara nyingi hugoma kumenyeka, hivyo hujitokeza waziwazi kati ya zile nyeupe.

Jambo lenyewe ni hili: niliambiwa kwamba karanga zikitoka hapo hazina sumukuvu, yaani sumu ya aflatoksini inayotengenezwa na kuvu. Kauli hiyo si sahihi, na katika mkoa huu ni ya hatari, kwa kuwa mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, nayo mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyobainika kuibeba. Kamera huona rangi, haioni sumu, na punje inaweza kuwa nayo bila doa lolote. Kuchambua hupunguza sumukuvu, tena sana, lakini ni kipimo cha maabara pekee kinachoonyesha kama shehena iko ndani ya kikomo cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 10 kwa kilo.

Ningependa kiwanda kiliandike hilo kwenye risiti. Karanga zangu nitaendelea kuwapelekea, na sampuli ya maabara nitaichota mwenyewe kutoka magunia mbalimbali, kwa sababu sumu hiyo hujikusanya katika punje chache na gunia moja haliwezi kuyasemea mengine.