Dawa nzuri, lakini ile pini ya mtandio!

Naweka nyota mbili. Moja ni ya dawa yenyewe: olopatadini ya asilimia 0.1 kwa macho ya aleji sina la kuisema. Kaskazi ikishaanza kupiga, na vumbi na chavua zake, tone moja kila jicho asubuhi na jioni, muwasho unashuka hata nusu saa haijafika. Ugomvi wangu ni na duka la dawa nilikoinunua, si mbali na Darajani.

Chupa hizi huja mdomo umezibwa. Kifuniko kina mwiba kwa ndani. Unakikaza mpaka mwisho, mwiba unatoboa, unafungua, basi. Dada wa dukani hakukaza kitu. Alichomoa pini kwenye mtandio wake, akatoboa, akairudisha mtandioni, boksi akalitupa na karatasi yake ya maelezo. Namwambia, "Dada yangu, hiyo si ya kutobolea dawa ya jicho." "Mbona mnapenda ubishi? Kila siku natoboa hivi hivi." Wallahi, wala hakuninyanyulia uso.

Haya, tuhesabu. Mililita 5 hutoa matone kama 100. Macho mawili mara mbili kwa siku, hizo siku 25, na chupa ikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki 4, kwa hiyo inatosha barabara. Tundu likipanuliwa kwa pini, ukiminya yanakuja mawili matatu kwa mpigo. Jicho halibebi hata tone moja zima. Linalozidi linateremka shavuni au linapita puani hadi kooni, ndio ule uchungu. Chupa inakwisha siku ya kumi na kitu. Hiyo ni hasara ya pesa tu. Pini iliyoshinda na jasho la kichwa inaingiza vijidudu ndani ya dawa, nayo inakwenda kwenye jicho lililokwisha kufikichwa likachubuka.

Nilikaribia kumsamehe, maana bei zake nafuu. Akaongeza: "Isipokufaa njoo nikupe deksa, hiyo ndiyo kiboko." Kiboko kweli! Deksamethasoni huondoa wekundu haraka, ndiyo maana watu wanaililia. Ukiitia wiki baada ya wiki inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho. Hiyo anatoa daktari aliyekupima, haitolewi kaunta kama pipi ya chenji.

Mtakaokwenda kwake, daini boksi, mkaze kifuniko wenyewe nyumbani, mikono imeoshwa. Kwanza kitambaa cha maji baridi juu ya kope dakika 10. Kisha tone moja, fumba, bonyeza pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika moja. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5. Msifikiche: kufikicha kunazidi kumwaga histamini, ile kemikali ya mwili inayowasha, na muwasho unarudi maradufu. Wanja uwekeni kando kwanza.

Zile nyota mbili? Ifanyeni moja, ya olopatadini. Duka halina kitu. Ingawa nikishikwa saa nne za usiku nitakwenda huko huko, wengine wote wameshafunga. Nitaikamata chupa kabla mkono wake haujafika kwenye mtandio.